Ndoa ya Siafu na Sungusungu

Katika kijiji cha Ng'ambo ya Mto, umeme ulikuwa wa Kifaru peke yake. Mgongo wake ulikuwa bamba la silikoni, rangi ya buluu iliyokolea, lililoyeyushwa katika tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1400. Kila asubuhi alijilaza juani akala mwanga mpaka magharibi, na katika kila mafungu mia aliyoyala alirudisha umeme mafungu ishirini na ushei. Hakutoa hotuba, hakudai posho, hakuitisha warsha. Kasoro yake ilikuwa uzito. Sungura aliwahi kumkodi apande juu ya paa lake la makuti, na majirani wakashinda kutwa wakimfukua Sungura.

Wenye mapaa ya makuti, ambao ndio kijiji chote ukimtoa Mwenyekiti Kiboko, wakabaki na vibatari vyao.

Ndipo Kasuku akarudi. Alikuwa ameuzwa ughaibuni akiwa kinda, akapitishwa vizimba vya maabara nyingi, Marekani, Uingereza na kwingineko, na aliyoyasikia huko hakusahau hata moja, ingawa hakuelewa hata moja. Bwana wake wa mwisho alikosa ruzuku ya utafiti, akafungua dirisha. Kasuku akatua juu ya mkuyu wa baraza na kuanza kukariri.

"Mwaka 1977," alisema, "Shirakawa, MacDiarmid na Heeger. Plastiki ikavukizwa iodini, ikapitisha umeme. Nobeli, mwaka 2000." Akameza kipande cha embe, kisha akaongeza: "Matokeo ya kutia moyo."

"Plastiki gani hiyo?" aliuliza Bi Buibui, ambaye alikuwa akitengeneza wavu wake kwenye tawi la chini.

"Mnyororo. Kaboni na kaboni. Kifungo kimoja, kifungo maradufu, kifungo kimoja, kifungo maradufu. Inakunjika. Inapakwa kama rangi. Haihitaji tanuru."

Waliposikia haihitaji tanuru, wazee wa baraza waliamka. Kaboni pekee iliyojulikana kijijini ilikuwa mkaa, na mkaa ulikuwa na wenyewe. Minyororo, hata hivyo, ilikuwepo tele. Siafu wa kichuguu cha mashariki walikuwa wakitembea kwa kushikana mguu kwa mguu, na ukimgusa wa kwanza, wa mwisho anaruka. Baraza likaamua siafu waalikwe kujenga taifa.

Walianikwa juani, wamefumwa kama mkeka. Chini yao sakafu ya kupitishia umeme, juu yao dari ya bati jembamba la kupenyeza mwanga, na waya kutoka dari kwenda kwenye taa na kurudi sakafuni. Jua likawaka. Mkeka ukapata moto, siafu wakalalamika, taa ikakaa kimya.

Kinyonga akaitwa achunguze, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kutazama dari na sakafu kwa wakati mmoja. Alichukua muda wake, kama ada. Taarifa aliyoleta ilieleza hivi: kila mshale wa mwanga unaomchoma siafu huzaa mapacha, Kulwa na Doto. Ndani ya Kifaru nako huzaliwa mapacha, lakini kule joto la kawaida la mchana linatosha kuwatenganisha, kila mmoja akashika njia yake. Mapacha wa siafu huzaliwa wamekumbatiana, na hakuna joto la mchana litakalowaachanisha. Hutangatanga hivyo hivyo kama walevi, bila kujua mashariki wala magharibi, na wakimaliza hatua kumi kila mmoja hufa mikononi mwa mwenzake. Mkeka hupata moto kwa sababu ya maziko yao.

"Eksitoni," alisema Kasuku toka juu. "Nanomita 10 hivi. Unywele wa mwanadamu, nanomita kama elfu themanini."

(Wasomi watadai kwamba Kulwa si kiumbe, ni tundu tu aliloacha Doto alipoondoka. Inawezekana. Lakini kijijini kwetu bado hajapatikana mtu wa kumwambia mama mzazi kwamba mmoja wa mapacha wake ni tundu.)

Ili taa iwake, Kinyonga alieleza, lazima atokee wa kumpokonya Doto. Kulwa ashuke kwa minyororo ya siafu mpaka sakafuni, Doto apelekwe juu mpaka darini. Hapo Doto atamtafuta nduguye kwa njia ya nje, kwa waya, na njia ya nje inapita ndani ya taa. Kupita kwake ndiko kuwaka kwenyewe.

Wa kupokonya walijulikana bila kuulizwa. Kichuguu cha magharibi kilikuwa cha sungusungu, weusi, wenye sifa moja kijiji kizima: wakishika hawarudishi. Shida ilikuwa kwamba siafu na sungusungu hawakuwa wamewahi kukaa pamoja tangu dunia iumbwe. Ukiwamwaga katika bakuli moja usiku, asubuhi unakuta marundo mawili.

Mwenyekiti Kiboko alisema hilo ni suala la kisiasa na lina ufumbuzi wa kisiasa. Siafu wakae chini, sungusungu wakae juu, mpaka uwe katikati, kila upande uheshimu mwingine. Kasuku akaunga mkono: "Ching Tang, Kodak, mwaka 1986. Tabaka mbili. Asilimia 1." Taa ikawaka kidogo, kwa aibu, na Kiboko akahutubia kwa saa tatu. Katibu wa baraza, Kunguru, akaandika taarifa kabla hotuba haijaisha.

Hesabu ilikuwa mbaya na haikuhitaji msomi. Mkeka hauwezi kumeza mwanga wa kutosha usipofika unene wa hatua mia. Mapacha hutembea hatua kumi. Mpaka ulikuwa mmoja. Waliozaliwa karibu na mpaka walifika, na wengine wote walizikwa palepale walipozaliwa. Ukipunguza unene, mwanga unapita mkekani bila kubisha hodi. Ukiuacha, mapacha wanafia njiani. Mtu anaweza kukaa miaka tisa na tatizo la namna hiyo, na wanadamu walikaa nalo.

Aliyelitatua kijijini alikuwa Ngiri, na sitamnyima haki yake. Alikuwa na chungu, mwiko na kujiamini. "Kama kilichopungua ni mpaka," alisema, "basi mpaka uwe kila mahali." Akawatumbukiza siafu na sungusungu chunguni, akawakoroga katika maji ya dawa mpaka asijulikane nani ni nani, akawamwaga sakafuni upesi kabla hawajapata nafasi ya kutafutana. Mkeka ulipokauka, popote mwanga ulipomchoma siafu, sungusungu hakuwa mbali. Doto alipokonywa mara tu alipofumbua macho.

"Mwaka 1992," alisema Kasuku, kwa sauti iliyopanda, "Sariciftci na Heeger, Santa Barbara. Polima ikampa elektroni mpira wa kaboni 60, kufumba na kufumbua. Mwaka 1995, mseto. Santa Barbara na Cambridge, mwaka mmoja."

Mseto wa Ngiri ukawa wimbo wa kijiji. Taa ikapanda asilimia mbili, tatu. Akagundua kwamba mkeka ukisogezwa karibu na moto dakika kadhaa, wadudu hujipanga vizuri zaidi, ikafika nne na kitu. Akagundua tena kwamba tone la mafuta fulani chunguni hubadilisha kila kitu, na hakusema mafuta gani mpaka Kasuku aliporopoka kwamba mwaka 2007 kule Santa Barbara tone la namna hiyo lilipandisha mkeka mmoja kutoka asilimia 2.8 hadi 5.5. Ngiri akawa Daktari Ngiri. Wanafunzi wake walikariri siku ya kukoroga, maji ya kukorogea, kasi ya kumwaga, umbali wa moto, na ole wake aliyebadili mwiko, maana mkeka wake haukufanana na wa jana. Binafsi huwa nahofia elimu ambayo ukibadili mwiko inabadilika, ila wakati ule nisingesema hivyo barazani.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Kobe. Alikuwa amenunua mkeka wa asilimia tano kwa akiba ya mayai ya msimu mzima, akautandika juu ya gamba lake akaenda nao kwake ng'ambo ya bonde. Baada ya mvua moja na kiangazi kimoja, akarudi nao.

"Mwenyekiti, nilinunua tano. Nimebaki na mbili."

Kiboko alimtazama kwa upole. "Mama, ulipimiwa siku gani?"

"Siku ya kwanza, hapahapa barazani."

"Na siku ya kwanza zilikuwa ngapi?"

"Tano."

"Basi tano zako ulizipata."

Kunguru akaandika: lalamiko limeshughulikiwa.

Kinyonga, ambaye hakuwa amealikwa, aliingia mkekani kwa hiari yake. Alitoka siku ya tatu. Lila na fila, alisema, wamekwishaachana. Joto la jua la kila siku lilikuwa likiwalegeza kidogo kidogo, na kila walipolegea siafu walisogea kwa siafu na sungusungu kwa sungusungu. Mahali ambapo Ngiri aliwaacha wamechanganyika kwa hatua tano tano, sasa palikuwa na vijiji vya hatua hamsini. Katikati ya vijiji hivyo mapacha walikuwa wakizaliwa na kuzikwa, kama enzi za tabaka mbili. Mkeka ulikuwa umepimwa ukiwa mbichi, bado unashangaa.

"Watu huchoka," alisema Ngiri. "Hata mimi mchana huchoka."

Ndipo Bi Buibui aliposhuka kwenye tawi lake. Alitaka minyororo ya siafu ya urefu mmoja na minyororo ya sungusungu ya urefu huohuo. Angechukua mnyororo wa siafu na mnyororo wa sungusungu, akawafunga mkia kwa mkia, kwa fundo lisilofunguka.

Ngiri alicheka mpaka pembe zikagonga chungu. "Bi Buibui, mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Siwaweki zizi moja, Daktari. Kila mmoja atakaa zizini kwake. Ukuta tu ndio utakuwa wao wote."

"Na wakichukiana?"

"Chuki ndiyo fundi wangu."

Baraza likanyamaza, kwa kuwa lilizoea mapendekezo yanayoanza na upendo. Bi Buibui akaeleza, akichora kwa mguu mmoja vumbini. Siafu aliyefungwa atataka kuwafuata siafu wenzake. Atakwenda, lakini sungusungu yuko nyuma yake, naye anawataka sungusungu. Hakuna anayeweza kwenda mbali kuliko urefu wa mwenzake. Namna pekee ya kila mmoja kupata nduguze bila kukata fundo ni kujipanga kwa mistari: safu ya siafu, safu ya sungusungu, safu ya siafu, safu ya sungusungu, na mafundo yote kwenye mpaka. Wala hakuna wa kuwapanga. Na upana wa safu haumtegemei anayekoroga wala mwiko wake. Unategemea urefu wa mnyororo, na urefu wa mnyororo anauchagua mfungaji. Akitaka safu za hatua kumi, hukata minyororo inayotoa safu za hatua kumi. Jua liwake mwaka mzima, hawana pa kwenda.

"Kopolima ya bloku," alisema Kasuku, kwa heshima kidogo. "Leibler, mwaka 1980. Chuki mara urefu. Ikizidi 10.5, wanajipanga. Isipofika, wanabaki uji."

"Kumi na nusu ya nini?" aliuliza Kiboko.

Hakuna aliyejua. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Nusu, yenye wajumbe sita na posho ya kukaa.

Kasuku akaendelea kwamba hesabu ile ni ya minyororo iliyolingana nusu kwa nusu. Upande mmoja ukiwa mfupi, safu hugeuka nguzo, na ukiwa mfupi zaidi hugeuka vidonge vilivyotapakaa. Wanadamu, alisema, wanakanyaga kopolima za namna hiyo kila siku bila kujua. Zimo kwenye soli za viatu tangu miaka ya 1960, plastiki ngumu na mpira laini, wasiopatana, wamefungwa pamoja. Kwa kuwa mjumbe yeyote hakuwa na viatu, hoja hiyo haikuingia kwenye kumbukumbu.

Arusi ilifanyika mwishoni mwa masika. Mafundo yalikuwa mengi kuliko mikono, hata mikono minane, kwa hiyo baraza lilimpa Bi Buibui vibarua, panzi, waliolipwa kwa idadi ya mafundo na si kwa uimara wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siafu wengi waliingia mkekani makapera, fundo limefungwa hewani. Sungusungu wengine hali kadhalika. Siafu mmoja alikutwa amefungwa sungusungu mkiani na kichwani, akadai hivyo ndivyo babu yake alivyoishi na hakuna aliyemuuliza. Wageni wa namna hii, wasio na mwenza au wenye wawili, walijisukumia katikati ya safu na kuzipinda.

La pili halikuwa kosa la panzi. Minyororo iliyozoeleka katika soli za viatu ni laini, hujikunja inavyotaka. Minyororo ya siafu, ile ya kupitisha umeme, ni mikavu kama fito. Hupenda kulala ubavu kwa ubavu, na ilianza kulala hivyo hata kabla chuki haijamaliza kazi yake, ikiwaburuta sungusungu nyuma yake. Safu zikatoka, lakini fupi, za kukatikakatika, nyingine zikielekea kusikojulikana.

La tatu ndilo lililomuuma Bi Buibui. Safu nzuri zilizobaki, zile za kupigiwa mfano, baadhi zililala kama sakafu za ghorofa badala ya kusimama kama kuta. Doto alipokonywa vizuri, akachukuliwa na sungusungu vizuri, akakimbia safuni kushoto na kulia, na juu yake kukawa na ghorofa ya siafu isiyo na ngazi. Dari aliisikia tu. Na pale penye fundo lenyewe, Kulwa na Doto waliotenganishwa walijikuta wamesimama jirani mno, wakaonana, wakarudiana.

Kinyonga akapima. Asilimia tatu.

"Mwaka 2013," alisema Kasuku. "Verduzco wa Chuo Kikuu cha Rice na Gomez wa Penn State. Karibu asilimia 3, mkeka wa mafundo matupu. Mseto wakati huo unakaribia 10." Hakuongeza neno la kutia moyo, nadhani bwana wake naye hakuliongeza siku ile.

Baraza zima lilicheka, hata Kamati Ndogo ya Nusu, ambayo ilikuwa haijamaliza kazi. Bi Buibui aliomba jambo moja tu: mkeka wake na mkeka mpya wa Ngiri ianikwe pamoja siku mia, kisha ipimwe tena. Kunguru akamwonyesha fomu. Palikuwa na nafasi ya jina la mkeka, jina la fundi, jina la mheshimiwa aliyefungua sherehe, na asilimia. Palikuwa na tarehe moja. "Siku ya mia tungeiandika wapi?" aliuliza Kunguru, na alikuwa anauliza kwa dhati, jambo linalotisha zaidi kuliko kejeli. Fomu hiyo imetengeneza wanasayansi wengi kuliko shule. Mtu hutafiti kinachojaza nafasi iliyoachwa wazi.

Kunguru mwenyewe alikuwa na mipango. Alitaka mikeka ya Ngiri iuzwe mpaka vijiji vya milimani, kwa mkopo, asilimia za siku ya kwanza zimechorwa kwa rangi nyekundu. Kasuku alipoulizwa kama wanadamu wamewahi kufanya biashara hiyo, alijibu papo hapo: "Konarka, Massachusetts. Ilianzishwa mwaka 2001. Heeger mmoja wa waasisi. Mwaka 2012 ikafilisika."

"Lakini asilimia zao zilikuwaje?"

"Matokeo ya kutia moyo."

Kunguru akaandika hilo la mwisho.

Mkeka wa Bi Buibui ulitupwa nyuma ya baraza. Mama Kobe, aliyekuja kudai sehemu ya mayai yake, aliuokota kwa sababu ya rangi yake ya zambarau, akaufanya pazia. Bi Buibui alimfuata njiani akamshauri aupake nta pembezoni. "Fundo huwazuia wasitoroke," alisema, "halizuii unyevu wala hewa. Hewa ikiingia inawala siafu wenyewe, wawe wameoana au hawajaoana." Mama Kobe akapaka. Ngiri hakuwa amewahi kumshauri mteja jambo lolote baada ya kupokea fedha.

Miaka ikapita, mbayuwayu wakaja na kurudi, na Kasuku akapata habari mpya kutoka kwao. Mwaka 2019, kule Changsha, China, Zou Yingping na wenzake walileta sungusungu wa aina nyingine kabisa, molekuli iitwayo Y6, si mpira wa kaboni tena. Hawa hawakukaa gizani kusubiri kupokonya. Walikula mwanga wenyewe, hata ule mwekundu wa mbali ambao siafu hawauoni. Mseto wao ulifika asilimia 15.7. Ngiri akawatafuta wa kufanana nao nyuma ya kilima, akawakoroga, na chungu kikapanda: kumi na tano, kumi na saba, kumi na tisa. Kifaru alifungua jicho moja, kwa mara ya kwanza.

Bi Buibui naye aliwapata wachache. Safari hii hakuajiri panzi. Alifunga mwenyewe, polepole, kisha akawasafisha: akawaogesha maji ya aina moja yakaondoka na makapera wa siafu, maji ya aina nyingine yakaondoka na makapera wa sungusungu, akabakiza waliofungwa sawasawa. Alikuwa amewafunga sungusungu hao wapya wenyewe katika minyororo kwanza, ndipo akawaunganisha na siafu. Kinyonga akapima zaidi ya kumi na moja.

"Wuhan, mwaka 2021," alisema Kasuku. "Kopolima ya bloku, peke yake, bila mseto. Zaidi ya asilimia 11." Akasita. "Walicheka nini ile siku?"

Usiku wa siku hiyo Ngiri alibisha hodi kwenye wavu. Hakuja na kelele zake za mchana.

"Bi Buibui, shikamoo."

"Marahaba, Daktari. Leo umesahau kucheka."

"Chungu changu kinaachana. Hawa wageni wanatoa mwanga mzuri, lakini jua la miezi miwili linawarudisha kwao." Akachimba ardhi kwa pua. "Nimefikiri. Ukinipa konzi moja tu ya waliofungwa, nikawatia ndani ya mseto wangu. Si wote. Konzi moja."

Bi Buibui alilijua jambo hilo kabla yake. Waliofungwa, wakiwa wachache chunguni, hukimbilia mpakani, kwa kuwa ndiko pekee ambako kila nusu yao inapata nduguze. Hukaa hapo wameshika huku na huku, na wasiofungwa hushindwa kuachana upesi. Konzi moja inaweza kuokoa chungu kizima.

"Na katika taarifa ya Kunguru wataitwaje?"

"Mafuta ya Ngiri, toleo la pili," alisema Ngiri, akiwa na aibu ya kutosha kutazama chini, lakini si ya kutosha kubadili jina.

Bi Buibui alifikiri kwa muda wa kufuma nyuzi mbili. Kisha akasema atatoa konzi, na jina alichukue. Sharti lilikuwa moja. Mkeka usipimiwe barazani. Upimiwe nyumbani kwa Mama Kobe, ng'ambo ya bonde, pamoja na lile pazia la zamani, na apime Kinyonga, kwa miguu yake.

Ngiri hakuona ubaya. Asubuhi Kiboko naye hakuona ubaya, kwa kuwa kubadili mahali pa kupimia hakukuhitaji bajeti wala fomu mpya; nafasi ya tarehe ingebaki moja. Kikao kilipitisha kwa kauli moja. Mkeka ukatangulia mgongoni mwa Mama Kobe, na hata yeye Kinyonga alimwona akitokomea bondeni kabla hajamaliza kuinua mguu wa kwanza.

Kunguru ndiye aliyeanza kuhesabu. Mguu wa kwanza uliinuliwa, ukayumba, ukarudi, ukayumba, ukakanyaga. Alitazama mguu, akatazama bonde, akafanya mahesabu mara mbili. Kwa mwendo ule Kinyonga angefika baada ya siku mia, labda mia na kumi kukiwa na upepo.

"Mzee Kinyonga!" aliita, akishuka mkuyuni upesi. "Taarifa inatakiwa jioni hii. Panda mgongoni kwangu, nikufikishe kabla ya saa saba."

Kinyonga alielekeza jicho moja kwenye mdomo wa Kunguru, mrefu, mweusi, wenye historia ndefu na jamaa zake. Jicho la pili likabaki kwenye njia ya bondeni. Akamshukuru katibu kwa moyo wake wa kujitolea, akainua mguu wa pili.